Watoto wa Thalji Hawahesabiwi

Al Wukair
Ijumaa, 13 Juni 2025

Mpenzi Baba Mumo,

Usishtuke kupata karatasi badala ya simu. Tangu Thalji azae, mudir, yaani meneja wetu, amezifungia simu zetu zote kabatini mwake, na hatuzipati mpaka watoto waache kunyonya. Mwaka jana kabla sijaja waliibiwa watoto wawili wa mbwa, na anaamini ni picha za simu zilizowaonyesha wezi njia. Ruhusa ya kutoka Ijumaa nayo imefutwa. Anayekuletea barua hii ni Tom, yule Mkenya wa lori la barafu. Anafika kwetu mara mbili tatu kwa wiki, na anasema akirudi hupita huko kwako Fereej Bin Mahmoud. Mpe majibu huyohuyo.

Thalji, nikukumbushe, ndiye yule mama mbwa mweupe mwenye macho ya buluu. Mbwa hawa ni wa kuvuta kigari kwenye theluji. Wakati wa baridi mudir huwapeleka nchi za watu kushindana, na wakirudi huvuta kigari cha magurudumu kwenye mchanga. Sasa hivi kigari kimetundikwa ukutani, na wao wanakimbia kwenye mashine ndani ya chumba chenye kiyoyozi. Nje ni nyuzi arubaini na sita, na mke wako amevaa sweta. Tena humo ndani ya baridi kuna taa nyekundu ya joto juu ya sanduku la watoto, maana mtoto wa mbwa wa theluji naye huzaliwa hana manyoya ya kumtosha. Mama anataka baridi, mtoto anataka joto. Mimi nimekaa katikati yao na kipimajoto.

Thalji alizaa Jumamosi usiku kucha. Amenikubali mimi tu. Scovia, yule Mganda ninayefanya naye kazi, akikaribia anatoa meno, kwa hiyo Scovia amebaki na mbwa wakubwa, nami chumba cha watoto ni changu peke yangu. Asubuhi mudir alisimama mlangoni akaniuliza wamezaliwa wangapi. Nikamwambia, “Wametosha, baba.” Akauliza tena. Nikasema wamejaa sanduku. Wewe unajua kwetu mtoto hahesabiwi, wala mbuzi, wala ng’ombe. Scovia akacheka, akachungulia kwa mbali, akawahesabu kwa kidole huku mudir akiandika kwenye daftari. Nilihisi kama amenimwagia maji ya barafu mgongoni.

Jumanne, siku ya tatu, niliwapa majina kama nyumbani. Cheka tu. Kuna Kioko aliyetoka kukipambazuka, Mutinda aliyetuchelewesha, Kyalo kwa sababu sote tuko safarini, na Mumbua kwa sababu Scovia alimwaga ndoo saa ileile na hiyo ndiyo mvua ya Qatar. Kuna Mwende, kuna Nduku aliyefanana na shangazi yako kwa kununa, na Musyoka, yaani aliyerudi, kwa ajili ya wale walioibwa. Wakilala wanalundikana kama viazi kwenye gunia.

Ukipata nafasi nitumie leso nyingine. Ile ya njano imeharibika.

Wako,
Winfred


Fereej Bin Mahmoud
Jumanne, 17 Juni 2025

Mama Mumo,

Barua yako nimeipokea Jumapili saa kumi na mbili na dakika ishirini jioni, bahasha ikiwa imefunguliwa upande mmoja na kugandishwa tena. Nimemuuliza Tom. Amesema ni joto la lori. Lori la barafu, Winfred, lina joto? Miaka mitano ninalinda mnara huu wa West Bay, na mtu akinidanganya masikio yake huwa mekundu. Ya Tom sikuyaona vizuri kwa sababu alikuwa amevaa kofia, na kofia yenyewe nimeitilia shaka.

Nimefurahi kwamba Thalji amezaa salama. Lakini sikia ushauri wa mlinzi. Mahali ambapo kumewahi kuibiwa, wa kwanza kushukiwa ni mwenye ufunguo, na wewe umejisifu kwamba chumba ni chako peke yako. Huyo Scovia amekaa hapo muda gani? Mwaka jana watoto walipopotea alikuwepo? Mtu wa kucheka wakati mwenzake anaulizwa na mkubwa namwogopa.

Leso ya njano niliinunua mimi, mwezi wa pili, ikiwa mpya kabisa. Leso haiharibiki kwa miezi minne. Imeharibikaje?

Umesema hukuwahesabu. Sawa, mila ni mila. Lakini mimi niambie, hapa kwenye karatasi, wako wangapi?

Mumeo,
Athanas


Al Wukair
Jumanne, 24 Juni 2025

Baba Mumo,

Mambo yameharibika. Jumapili alikuja daktari wa mbwa kuwapima uzito na kuwapa dawa ya minyoo. Akamaliza, akamwambia mudir watoto saba. Mudir akafungua daftari lake. Limeandikwa nane.

Hakupiga kelele. Alituita mimi na Scovia kivulini, akauliza wa nane yuko wapi. Scovia akasema, “Nyabo,” yaani mama kwa kwao, “mimi nilihesabu. Walikuwa nane, na macho yangu ni mazima. Wewe ndiye unakaa nao.” Nikaulizwa mimi walizaliwa wangapi, nikasema sikuhesabu. Mudir akaniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba jua halikuchomoza leo. Mtu analala na watoto wa mbwa wiki mbili, na hajui idadi yao? Nikamwambia wote niliowapa majina wapo. Nikamtajia mmoja mmoja. Scovia akaangalia chini.

Ametupa hadi katikati ya Julai. Mtoto asipopatikana, mmoja wetu au sote wawili tunarudishwa makwetu. Yaani mimi, Athanas. Miaka minne tumekuwa mume na mke wa simu, nimekuja nikaona uso wako Ijumaa nne tu, halafu nirudi Kibwezi nikiitwa mwizi wa mbwa. Mumo ataambiwa nini shuleni?

Scovia hasemi nami. Anapika chai yake, nami napika yangu, kwenye jiko moja.

Kuhusu leso, niliimwagia dawa ya kusafishia sakafu. Una maswali, wewe.

Winfred


Fereej Bin Mahmoud
Jumamosi, 28 Juni 2025

Mama Mumo,

Nimeisoma barua yako mara tatu, ya mwisho nikiwa na kalamu nyekundu. Nakuandikia kwa utaratibu.

Alhamisi saa tatu asubuhi, kwenye ukumbi wa mnara wetu, alipita mama mmoja akisukuma kigari cha mtoto. Ndani hamkuwa na mtoto. Mlikuwa na kijibwa cheupe, sikio moja la kijivu. Nilimfungulia mlango nikamsifia, nikamuuliza amemtoa wapi. Akasema ni zawadi. Zawadi kutoka kwa nani? Akaingia kwenye lifti. Robo saa baadaye, ni nani alishusha barafu kwenye hoteli ya jirani? Tom.

Sasa panga mwenyewe. Scovia anahesabu nane ili aonekane mwaminifu. Anasubiri usingizi wako. Tom ana sanduku la barafu lenye kifuniko. Wewe una mila ya kutohesabu, na wao wanaijua. Mwizi hupenda nyumba ambayo mwenyewe hajui idadi ya kuku.

Levis, mwenzangu wa zamu, anasema nisimshuku mtu bila ushahidi. Levis hajaoa.

Lakini kuna jambo linalonisumbua kuliko Scovia. Umeniandikia kwamba wote uliowapa majina wapo. Mtu asiyeficha kitu huandika, “Wote wapo.” Mimi nakufahamu, Winfred. Wewe hujawahi kunidanganya kwa kusema, hunidanganya kwa kunyamaza. Mwaka ule ulininyamazia siku tatu nzima, nikipiga simu ukisema mtandao ni mbaya, na mimi huku nikiwagawia walinzi wenzangu pipi kwamba nimepata mtoto wa kiume. Sijawahi kukwambia hilo la pipi. Siku ya nne ndipo nikaambiwa, na si na wewe, ni na mjomba.

Je, kuna kitu unanificha?

Athanas


Al Wukair
Alhamisi, 3 Julai 2025

Athanas,

Mtoto wetu yule alikufa siku yake ya pili, mikononi mwangu, nikiwa bado na kidonda cha uzazi. Nilinyamaza kwa sababu ningekwambia ungepanda ndege siku hiyohiyo na kazi ingekwisha. Sasa unanitajia pipi. Nimezisikia.

Mwache Scovia. Mwache Tom. Kijibwa cha huyo mama wa West Bay kina wiki ngapi? Watoto wa Thalji wamefungua macho juzijuzi tu, hata kusimama wanayumba kama walevi. Mlinzi wa miaka mitano huoni hilo?

Nakuomba, usifanye kitu.

Winfred


Fereej Bin Mahmoud
Jumapili, 6 Julai 2025

Mama Mumo,

Hukunijibu swali langu.

Basi sitakuuliza tena. Nimekwisha kulishughulikia. Kuna bahasha nyingine Tom ataleta leo, imeandikwa jina la mudir wako. Levis alinisaidia Kiingereza ingawa alinung’unika. Nimeifunga kwa gundi ya bomba, aifungue kama ana nguvu.

Nimeeleza kinaga-ubaga: Scovia alikuwepo mwaka jana, Scovia ana hesabu, Scovia anajua saa zako za kulala. Tom sikumtaja, kwa maana ndiye anayeibeba barua.

Kati ya wewe na yeye, mmoja lazima aondoke. Sitaishi tena miaka mingine minne nikisikia sauti yako kwenye simu kama taarifa ya habari. Nimechagua. Utanishukuru baadaye.

Mumeo,
Athanas


Al Wukair
Alhamisi, 10 Julai 2025

Baba Mumo,

Scovia amepewa tiketi. Ataondoka Jumamosi. Leo amefua nguo zake zote, akazianika ndani ya chumba cha mashine ya kukimbilia, na mbwa wakubwa wameketi chini ya kamba wakilia. Barua yako mudir alimsomea mbele yangu. Scovia hakubisha. Aliniangalia tu akasema, “Mumeo anaandika vizuri, nyabo.” Halafu akaniletea chai, ya kwanza tangu daktari aje.

Sikiliza sasa. Wewe uliuliza, nami nakujibu, na ukimaliza kusoma usimwonyeshe Levis.

Walikuwa wanane. Scovia alihesabu sawasawa.

Wa nane alikuwa mdogo, dume, wa kutoka mapema, usiku bado mzito. Nilimpenda kuliko wote, na hilo lilikuwa kosa la kwanza. Jumatatu alfajiri nilikuwa nimekesha siku mbili. Niliegemea sanduku nikasema nitafumba macho kidogo. Nilipoamka wenzake walikuwa chini ya taa, wamelundikana. Yeye alikuwa amejiviringisha peke yake mpaka kona ya pili, pale kiyoyozi kinapopulizia moja kwa moja. Alikuwa ameshakakamaa. Nilimweka kifuani, nikampulizia, nikamsugua, nikamwita bila jina maana alikuwa hana. Nje kulikuwa kunapambazuka, ukuta umeshaanza kuchoma mkono, na mtoto alikuwa amekufa kwa baridi. Hapa, Doha, mwezi wa sita. Nani angeniamini?

Nilimfunga kwa leso ya njano nikamzika nyuma ya tangi la maji. Nikajiambia, hakufika siku ya tatu, hana jina, hahesabiwi. Ndivyo walivyoniambia wazee mwaka ule, walipomchukua mtoto wetu wakamlaza chini ya mgunga nyuma ya jiko. “Usilie sana, hakufika siku ya tatu.” Tangu siku hiyo mtu akiniuliza nina watoto wangapi nasema wametosha, na wewe huwa unasema mmoja. Kila ukisema mmoja, Athanas, naona kama unafunika kaburi kwa mguu.

Mila yetu nimeigeuza shuka la kujifunikia. Mudir aliponiuliza ningeweza kusema. Niliogopa kurudishwa, niliogopa kukuacha tena, nikakaa kimya, na kimya changu kimempakia Scovia mizigo.

Kesho asubuhi nitamwonyesha mudir mahali.

Winfred


Fereej Bin Mahmoud
Alhamisi, 10 Julai 2025, saa tano usiku

Winfred, Tom yuko chini na injini inawaka, naandika nimesimama.

Usiende. Usiseme kitu. Scovia ana tiketi tayari, jambo limekwisha, hakuna atakayechimba. Ukisema watakurudisha wewe. Nakusihi kama mumeo. Nimemwomba Tom awe kwenu kabla ya jua.

Ngoja tuzungumze. Ngoja.

A.


Al Wukair
Jumapili, 13 Julai 2025

Baba Mumo,

Barua yako fupi ilinifikia Ijumaa saa nne asubuhi. Lori la Tom lilikamatwa na foleni ya ukaguzi barabarani, na barafu ikayeyuka nusu. Ingefika mapema ningeisoma, na labda ningekutii, kwa hiyo nimefurahi kwamba ilichelewa. Nakuambia ukweli kwa sababu nimechoka na ule mwingine.

Nilimwita mudir baada ya swala ya alfajiri. Nilimwomba Scovia aje pia. Nikachukua sepeto ya kuzolea kinyesi cha mbwa, nikachimba. Mchanga wa nyuma ya tangi ni mwepesi, haikuchukua muda. Leso ilitokeza kwanza, maua yake bado yanaonekana. Nilipoifungua mudir aligeuza uso, halafu akageuka tena akaangalia. Manyoya yake yalikuwa bado meupe.

Nikaeleza kwa Kiingereza changu cha kubabaisha, Scovia akinisaidia ninapokwama, hebu fikiria, Scovia. Mudir aliuliza amekufa kwa nini. Nikasema baridi. Akaangalia jua lilipokuwa linatoka, akapangusa jasho shingoni, akauliza tena, “Baridi?” Akaenda mwenyewe hadi sandukuni, akaweka mkono wake kwenye ile kona, akakaa hivyo muda mrefu. Aliporudi hakuwa na hasira tena, alikuwa mzee kidogo.

Akaniambia, “Sasa nihesabie.”

Nilisimama mbele ya Thalji nikanyoosha kidole. Najua mama yangu angenichapa kwa hilo. Nikasema mmoja, Kioko. Wawili, Mutinda. Nikaendelea mpaka saba, Musyoka. Halafu nikageuka nikaelekeza tangi la maji nikasema, wanane. Thalji aliniangalia, hakutoa meno.

Tiketi ya Scovia imefutwa. Mimi nitakaa hadi watoto watimize wiki nane, kwa sababu Thalji hamkubali mwingine, kisha nitaondoka Jumanne, tarehe tano Agosti. Mudir alisema kulala si kosa, mtu yeyote hulala, lakini hawezi kumwachia watoto mtu anayezika akanyamaza. Mimi mwenyewe nisingemwachia.

Simu amenirudishia. Sijaiwasha. Haya nisingeweza kuyasema nikisikia pumzi yako.

Scovia anakusalimu. Anasema ukija kuandika barua nyingine ya Kiingereza, umuulize yeye kwanza.

Tumerudi kwenye umbali wetu, Athanas. Kama unanichukia, niandikie hivyohivyo, usinyamaze.

Winfred


Fereej Bin Mahmoud
Jumatano, 16 Julai 2025

Winfred wangu,

Leo siandiki saa.

Tom nimemwomba radhi pale barabarani. Alivua kofia ili niyaone masikio yake, akacheka, akaniambia bahasha ya kwanza kweli aliifungua, alitaka kujua kama unamsema. Kwa Scovia nitakuja mwenyewe, hilo haliandikiki. Nimemwandikia mudir pia, mstari mmoja, kwamba barua yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo na nilijua naibahatisha.

Nimeomba likizo. Nitapanda ndege nawe tarehe tano, tutakaa nyumbani wiki tatu, baadaye tutaona. Levis alinisaidia kujaza fomu, maana mkono wangu siku hizi unachafua karatasi. Kuna sehemu ya familia. Akauliza, “Watoto wangapi?” Mdomo wangu ulikuwa umeshafunguka kusema kama ninavyosema siku zote, ukabaki wazi. Nikamwambia wawili. Levis akaniangalia, akaandika, akaniuliza majina.

Nilikuwa nimeirudia barua yako ya kwanza mara nyingi kutafuta mwizi. Kitu kimoja nilikiona nisijue ni nini. Uliniambia Thalji alizaa usiku kucha, lakini kati ya wote uliowapa majina hukumwita hata mmoja Mutuku, na kwetu jina hilo ndilo la kwanza kwa mtoto wa kiume wa usiku. Nilidhani umesahau. Ulikuwa unamwekea.

Wetu naye alizaliwa usiku. Ulinipigia mama yako akiwa bado ameshika taa.

Nimenunua leso mbili za njano, moja ni ya kwako. Tukifika tutaenda nyuma ya jiko, mimi na wewe na Mumo, na tutamwita jina lake kwa sauti. Kwenye fomu limeshaandikwa. Levis aliuliza ana umri gani, nikamwambia siku mbili, akaandika hivyohivyo.

Baba Mumo na Mutuku,
Athanas